Mazoezi Baada ya Matanga

Vita vilikuwa vimekwisha lakini unga ulikuwa bado wa kupimiwa. Nilikuwa kijana wa karakana ya mabehewa pale Changamwe, na kila Pasaka wafanyakazi tulishindana mbio: kuteremka hadi darajani Makupa, kisha kupanda tena kurudi. Mwaka uliotangulia nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa rafiki yangu, Mswahili wa Jomvu, niliyefanya naye kazi ya kupaka mabehewa rangi. Tulifanya mazoezi kila alfajiri, yeye akitoka msikitini na mimi nikitoka kitandani, pekupeku, tukielekea upande wa uwanja wa ndege na kurudi kabla king'ora cha kazi hakijalia.

Tulipofunga kazi kwa Krismasi aliniambia, "Usile ukanenepa huko kwenu." Nikamjibu kwamba nikirudi nitamwacha mbali.

Nilifika kwetu Rabai nikamkuta mama amelala. Baba alisema ni homa, itapita. Siku ya Krismasi mama aliketi, akanywa uji, akaniuliza kama bado nakimbia kama mtu aliyeiba kuku. Tukacheka. Kabla ya mwaka kwisha akafariki.

Sikulia. Niliwatekea wageni maji, nikapasua kuni, nikashika jembe pamoja na binamu zangu kaburini, nikaimba nyimbo za kanisani bila kukosea neno. Dada yangu alilia hata sauti ikamkauka. Alinitazama mara mbili tatu kama anayeuliza jambo, nami nikatazama kando. Nilikuwa kama mkono ulioulalia ukafa ganzi: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya husikii kitu.

Nilirudi Changamwe na kichwa kimenyolewa. Asubuhi iliyofuata rafiki yangu alipiga hodi. Habari zilikuwa zimemfikia. Aliketi ukingoni mwa kitanda changu, akanipa pole, akaniombea subira.

"Twende?" aliuliza mwishowe.

"Leo sitaki."

Kesho yake sikutaka pia, wala siku zilizofuata. Nilimsikia akipita nje, miguu yake ikipiga mchanga, nikageukia ukutani. Kazini sikukosea. Nilikula nilichopewa, na sikujua kama kimetiwa chumvi.

Hivyo Januari ikaisha. Alfajiri moja alisimama mlangoni asiingie.

"Sikiza, ndugu yangu. Sikuombi ukimbie kwa ajili ya Pasaka, wala kwa ajili ya nafsi yako. Nikikimbia peke yangu nalegea. Nataka kusikia miguu ya mtu nyuma yangu, basi. Ndoo nami tu, hata ukitembea."

Nikaondoka kitandani, nikaenda.

Hatukufika mbali. Nilitapika kando ya shamba la mihogo, naye akasimama mbele akitazama upande mwingine mpaka nilipomaliza. Njia yote ya kurudi nilitembea. Kesho yake nilikwenda tena, kwa sababu alikuja tena. Hamu haikuwepo. Kulipambazuka, wachukuzi walitusalimu, umande ulilowesha miguu yetu, na yote hayo yalipita kana kwamba yanampata mtu mwingine. Miguu ilipata nguvu yake bila kunishauri.

Siku moja Machi tulikuwa tukipanda mlima kutoka Makupa, mimi nyuma kama kawaida. Aligeuka akasema, "Wallahi, bibi yangu na magoti yake yale angekupita!"

Nilikasirika. Hasira ilipanda kifuani kama maji ya moto, nikamfikia, nikampita, nikapanda mlima wote bila kugeuka. Juu niliinama, mikono magotini, na alipofika nikamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika.

Akacheka hata akakaa chini. "Alhamdulillahi! Kumbe umo humo ndani!"

Sikucheka naye. Lakini kuanzia siku ile sikungoja hodi, alinikuta nje.

Pasaka nilikuwa wa tatu. Kijana wa bandarini, hatukuwahi kumwona mbioni, alitupita wote wawili kwenye mlima. Watu walipiga vigelegele. Nilisikia kiu tu, nikanywa maji, nikampa rafiki yangu mkono, tukaenda kula.

Kilio kilikuja baadaye sana, mvua za masika zilipokuwa zikiisha. Ilikuwa siku ya kazi ya kawaida, hakuna aliyemtaja mama, nami nilikuwa nimeshika brashi, nusu ya ubavu wa behewa imeshapakwa. Machozi yalitoka tu. Fundi mkuu, mtu mkali, alininyang'anya brashi akanionyesha mlango. Nilikaa nje kivulini mpaka yakaisha yenyewe, nikanawa uso bombani, nikarudi ndani kumalizia ubavu uliobaki.