Supu ya Galila katika Mfungo Mkuu

Kijijini kwetu, upande wa Minya, Misri, ukitaka kumsifu mtu kwa kufunga ulisema tu, "Anafunga kama Galila." Tangu aolewe, hakuna Mfungo Mkuu uliomkuta na yai mdomoni, achilia mbali nyama. Mumewe Wasfi, shemasi wa kanisa letu, aliitangaza sifa hiyo kwa kila mgeni utadhani ameichuma yeye. Galila mwenyewe alinyamaza. Mimi ni jirani yao wa ukuta mmoja, na nasema wazi kwamba Wasfi sikuwahi kumpenda.

Mwaka ule mkwe wao, Febronia, alijifungua katikati ya mfungo. Mumewe, Rizq, alikuwa kibaruani Kairo. Binti alitokwa na damu nyingi, maziwa yakakauka, kichanga kikawa kinalia kutwa. Abuna, kasisi wetu, alikuja kuwaombea, akasema kabla ya kutoka kwamba mzazi hafungi, apewe supu. Wasfi akaitikia amina. Abuna alipopinda kona tu, Wasfi akageuka.

"Abuna ana huruma mno. Nyumba hii haijawahi kunuka nyama kabla ya Pasaka. Watu watasemaje? Mpikieni dengu, ziwe nzito."

Galila akapika dengu. Mtoto akazidi kunyong'onyea, mpaka asubuhi moja hakulia kabisa. Nilimwona Galila juu ya paa la nyumba yao, miguu mitupu, mkono ndani ya viota vya njiwa wake.

"Mama Nagi," akaniita, "injika maji, kisha uje uninyonyolee hawa."

"Leo? Mchana huu?"

"Mchana huu, tena uani. Anayetaka kuona aone."

Nilinyonyoa, yeye akapika kwa vitunguu na hiliki. Harufu ikajaa mtaa mzima. Wanawake wakaja kuchungulia, wengine wakijipiga ishara ya msalaba kama waliokutana na shetani. Wasfi naye akafika kutoka kanisani, anahema.

Galila akampita na bakuli lake, akaenda kuketi kitandani kwa Febronia. Binti akageukia ukutani.

"Siwezi, mama. Ninyi nyote mmefunga. Kesho watasema mke wa Rizq ameshindwa na tumbo lake, ameitia aibu nyumba ya shemasi."

Galila akaliweka bakuli magotini. Kisha akachota kijiko kimejaa, na kipande cha paja juu yake, akatia kinywani mwake mwenyewe. Akatafuna taratibu, akameza, mbele ya mumewe na mbele yetu sote tuliojazana mlangoni.

"Basi tumeshindwa wawili," akasema. "Kula, mwanangu."

Febronia akala huku analia. Mimi pia nililia, wala sioni haya.

Wasfi akajipenyeza hadi kando ya kitanda. "Mama Rizq, umejiharibia. Miaka yote hiyo, kwa kijiko kimoja?"

"Miaka yote hiyo nilimfungia Mungu, Baba Rizq. Kama wewe ulikuwa unajiwekea akiba, pole, haikuwa yako."

"Na Abuna utamwambia nini?"

"Nitaungama. Nitamwambia mtoto alikosa maziwa nyumbani kwangu, nami nikakaa napika dengu kwa kuogopa midomo ya watu. Hiyo ndiyo dhambi, na ni yangu na yako. Supu siiungami." Akamsukumia bakuli. "Sasa shika hili, nimnyanyue mtoto."

Maziwa yalirudi kesho yake. Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni shemasi wetu, amesimama kando ya kitanda na bakuli la nyama mikononi, katikati ya Mfungo Mkuu, mtaa mzima unamtazama, wala hakuthubutu kuliweka chini mpaka mkwe wake aliposhiba.