Siku Tatu Bila Nyanya

Wanangu wawili wa kiume, yaani baba yako na mdogo wake, walikwisha kukubaliana bila kuniita kwamba ninauawa na dawa ya kupulizia nyanya. Nilikuwa ninaharisha kwa mwaka wa pili, mara nne au tano kwa siku, maji matupu, nile nisile. Tena uso na shingo vilikuwa vikiwaka ghafla, kama mtu aliyeinamia chungu kinachochemka, kisha kifua kinabana na kupiga filimbi, kisha yote yanapoa. Zahanati walisema taifodi, nikameza dawa za taifodi mara tatu. Walisema vidonda vya tumbo, nikameza za vidonda. Mwisho wanangu wakasema ni sumu ya shamba, na mwenye sumu ya shamba hana budi kuondoka shambani.

Shamba hilo liko Ilula, Iringa. Nimelilima tangu nilipoolewa, na tangu babu yako afariki nimelilima peke yangu. Wao walitaka akodishwe mtu waliyekwisha kumpata, na mimi nihamie Uyole kwa shangazi yako, niketi kwenye kochi.

"Mama, pampu ya dawa umeibeba mgongoni miaka yote," baba yako akasema. "Imekuingia kwenye damu."

"Nawe umeibeba," nikamjibu. "Mbona huharishi? Unanenepa tu."

Mdogo wake akacheka. Baba yako akamtazama, akaacha.

Nilikwenda Uyole kwa sababu nilitaka kujua. Nilikaa miezi mitatu. Sikugusa pampu, sikugusa jani la mnyanya, hata nguo za kulimia niliziacha Ilula. Moto ukaja uleule. Ulikuja nikiwa kanisani, ukaja nikichambua mchele, ukaja siku nilipoonja nusu kikombe cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, alioniletea mgeni kutoka nyumbani. Siku hiyo ulikuja kwa hasira kuliko siku zote, mpaka nikaegemea ukuta, na jirani mmoja akasema makusudi nisikie, "Mama wa Iringa leo amezidisha." Nusu kikombe! Hapo nikajua kwamba wanangu wamekosea. Kama sumu iko Ilula, imenifuataje Uyole? Shangazi yako aliwapigia simu akawaambia hivyo. Wakajibu kwamba sumu hukaa mwilini. Mtu akishaamua, hakosi jibu.

Nikasema sasa nipelekwe hospitali kubwa, nami ndiye nitakayezungumza.

Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa wajukuu zangu. Aliniamkia, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Bibi, moto huo ukija, unatoka jasho?"

"Sitoki. Ni moto mkavu."

Nilikuwa sijamaliza kumweleza habari ya ulanzi moto ulipopanda. Ngozi yangu ni nyeusi, haionyeshi wekundu, na wale wa zahanati walinitazama tu wasione kitu. Yeye alinigusa shavu kwa mgongo wa mkono wake, akaitazama saa yake mpaka nilipopoa. Kisha akanieleza. Ndani ya utumbo mna chembe ambazo kazi yake ni kutuma ujumbe mwilini. Chembe hizo zikiota uvimbe, hutuma bila kutumwa, na mabaki ya ujumbe huo hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo alinipa dumu lenye dawa ndani yake, niweke humo mkojo wangu wote wa mchana na usiku. Lakini kwa siku tatu kabla yake, na siku yenyewe, nisile ndizi, wala parachichi, wala nanasi, wala bilinganya, wala nyanya, kwa maana vyakula hivyo huyapandisha mabaki hayo kwenye mkojo kama ugonjwa unavyoyapandisha.

"Nyanya?" nikamwuliza. "Mimi mtu wa Ilula?"

"Hata mtu wa Ilula, Bibi."

Kosa lililofuata ni langu, wala simsingizii mtu. Siku ya pili majirani wa shangazi yako walikuja kunijulia hali, na mmoja wao alileta ndizi za kupika na maparachichi. Kwetu, mgonjwa akikataa chakula cha aliyekuja kumwona, ni kama amemwita mchawi. Nikala. Majibu yalipotoka, daktari akauliza nilikula nini. Ningeweza kusema uongo. Nikamwambia ndizi.

"Kipimo kiko juu sana," akasema. "Lakini sijui kinachosema ni ugonjwa au ni ndizi. Tuanze upya."

Mara ya pili niliketi mlangoni mwenyewe. Jirani yule alikuja tena na sufuria lake.

"Rudi nalo," nikamwambia. "Daktari amekataza."

"Amekataza ndizi? Ndizi si ndiyo chakula cha wagonjwa!"

"Basi kale wewe upone."

Hakunisalimu mwezi mzima. Nilikula wali kwa chumvi na majani ya maboga, siku tatu na siku ya nne, nikapeleka dumu langu. Kipimo kilikuwa juu vilevile. Safari hii hapakuwa na ndizi ya kusingizia.

Wakanipiga picha ya tumbo. Uvimbe ulikuwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, mdogo kama punje ya haragwe, na madoa yake yamekwisha kufika kwenye ini. Walichoma sindano ubavuni wakatoa kinyama cha kupima. Ni saratani, wakasema, ila ya aina inayokua polepole. Kabla ya upasuaji walinitundikia dawa, ili moto usilipuke nikiwa usingizini mezani, kisha wakakikata kipande kile cha utumbo. Madoa ya ini yamebaki, na kila baada ya wiki nne ninachomwa sindano ya kuyatuliza. Kuharisha kumepungua. Moto huja mara chache.

Wanangu walikuja wodini.

"Kwa hiyo si dawa ya nyanya," mdogo akasema.

"Lakini ni saratani, Mama," akasema baba yako. "Afadhali upumzike. Yule mtu wa kukodi bado anasubiri."

Nikamwita daktari, nikamwambia awaambie mbele yangu.

"Siwezi kuahidi kwamba atapona kabisa," akasema. "Lakini mshono ukishapona, sioni sababu ya kumzuia kulima. Dawa pulizieni ninyi."

Nikadhani wamesikia. Nilipofika Ilula baada ya majuma kadhaa nilimkuta yule mtu wa kukodi shambani, amekwisha kuchomeka vijiti kugawa sehemu za kulima.

"Shikamoo, mama. Niliambiwa hutarudi."

"Marahaba. Waliokuambia si wenye shamba."

"Ni wanao, mama."

"Ni wanangu. Shamba si lao."

Nikaanza kung'oa vijiti, kimoja kimoja, nikiinama taratibu kwa kuwa mshono ulikuwa bado unavuta. Alipotaka kunisaidia nilimkataza. Alisimama kando, kofia mkononi, mpaka nilipomaliza mstari wa mwisho.