Sukari Kabla ya Sabato

Ijumaa jioni nilikuwa dukani mjini Kisii. Mwenye duka, Mwislamu aliyekuwa na saumu, alishika tende akingoja jua lizame. Mama mmoja Msabato akaingia mbio na kikapu. Kwao kilimani Nyanchwa, nyota ya kwanza ikionekana, Sabato imeingia na kununua kumekwisha.

"Baba, nipimie sukari upesi!"

Mizani ikiwa bado inayumba, mama akachungulia nje. "Wacha tu. Nyota imetoka."

Mwalimu aliyesimama nyuma yangu akakohoa. "Mama, ile si nyota. Ni sayari, kama hii dunia yetu. Haina mwanga wake, inaangaziwa na jua."

"Kumbe si nyota?"

"Si nyota kabisa."

"Baba, nifungie sukari!"

Mwenye duka, tende tayari mdomoni, akaifunga kwa gazeti, pengine lenye safu yangu ya juma lililopita.

Tangu binadamu akanyage mwezi, walimu wanatueleza tofauti ya nyota na sayari, nasi tunasinzia. Mama yule alielewa papo hapo.

Mlangoni alivuta leso hadi kwenye nyusi, akainamisha macho. "Mwalimu, usinionyeshe nyota ya kweli mpaka nifike nyumbani."