Chokoleti za Nyumba ya Nyuma

Kuna Krismasi moja ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu njiani, nainamisha uso. Wenzangu wakisimulia Krismasi zao watu hucheka mpaka mwisho. Ya kwangu inachekesha mpaka katikati tu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya themanini, sukari kwa foleni na sabuni kwa kubahatisha, nami nilikuwa nimerudi Endamarariek likizo kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, kichwa kimejaa maswali (kwa nini hiki, nani alisema, ushahidi uko wapi), mpaka mama akawa ananiita Wakili. Nilipopita Karatu, binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya watalii kule kreta alinipa mfuko wa chokoleti za zamani zilizopauka, wageni hawazitaki tena ila utamu wake uko palepale, na hapohapo nikaamua kwamba nitaziyeyusha, nizimimine kwenye vifuniko vya soda, zitoke na kingo za mikunjomikunjo kama maua, kila jirani apate zawadi.

Tatizo likawa moto. Jikoni kwa mama kulikuwa na wanawake watatu na makande ya sikukuu. "Toka na mambo yako ya Dar," akasema, nikatoka, na badala ya kusubiri nikaenda nyumba ya nyuma, kwa wifi Paskalina, mke wa kaka yangu.

Hapa lazima nieleze. Wifi alikuwa amefiwa na mtoto mchanga, na kwetu Wairaqw mama aliyepata msiba wa namna hiyo hukaa kando: haazimi moto wala chombo, hali chakula na watu, haendi kisimani wakati mmoja na wenzake, hadi wazee waseme imetosha. (Padri alikuwa akikemea, watu wakiitikia amina, kisha wakirudi nyumbani kufanya vilevile.) Alikuwa amekaa hivyo tangu masika, na wazee walishakubali kwamba Krismasi ikipita wanakuja kumtoa.

"Wifi, moto wangu hautoki humu ndani," alisema aliponiona na sufuria.

"Hautoki. Mimi ndiye nimeingia."

"Na hivyo vitu watakula akina nani?"

"Watu."

"Wakijua?"

"Nani atawaambia?"

Alinitazama, kisha akasogeza kuni. Nadhani hakukubaliana nami hata kidogo, alikuwa tu amechoka kukaa peke yake. Tukaweka bakuli juu ya maji ya moto, yeye akamimina kwa kijiko maana mimi nilikuwa namwaga nje, na baridi ya kwetu ikazigandisha dirishani bila friji. Ya kwanza ilipotoka nzima aliitia mdomoni, akasema inaanza kwa uchungu kama dawa halafu inakuomba msamaha, na akacheka, kicheko cha kwanza nilichomsikia tangu nirudi.

Krismasi, baada ya misa, majirani wakajaa uani. Nikapitisha sinia. Mzee Tluway, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo ya kumtoa wifi, aliitia ya kwake mdomoni, akafumba macho, akainyonya polepole.

"Kwa hiyo serikali inakusomesha upike pipi?"

"Ndiyo, babu. Nachukua shahada ya pipi."

Watu wakacheka, wakaomba nyingine, Mama Theresia akafunga mbili kwenye ncha ya kanga awapelekee wajukuu, nami kichwa kikavimba.

"Umepikia wapi wewe," akauliza Mama Theresia, "na jiko la mama yako tulilijaza sisi?"

Ningesema "huko huko" yakaisha. Lakini niliona midomo yao yote ina rangi ya chokoleti na hakuna aliyeanguka, nikaona huu sasa ndio ushahidi, nikasema kwa sauti ya mhadhara, "Kwa wifi Paskalina. Moto wake, bakuli lake na mikono yake. Mbona hamjafa?"

(Neno kufa, kwenye ua ule.)

Mzee Tluway alitemea kiganjani kilichobaki mdomoni. Mama Theresia akafungua ncha ya kanga taratibu, akazirudisha mbili zake kwenye sinia, na wengine wakafuata, nyingine zimeumwa nusu, nami nimesimama nimelishika sinia lenye alama za meno, bado naeleza habari za vijidudu kwa watu wanaotafuta maji ya kusukutua. Mama alinivuta gauni. "Kaa chini, Wakili." Nikageuka nisimtazame, na ng'ambo ya uzio wa minyaa nikamwona wifi, amevaa nguo yake ya Krismasi, amekuja kusikiliza zinavyosifiwa.

"Tutahesabu upya siku za kukaa kando," Mzee Tluway alimwambia kaka yangu, kwa upole kabisa.

Jioni nilimwendea wifi na maneno ya kuomba radhi, mengi, yana hoja. Alikuwa anavunja vijiti vya kuni. Aliniacha nimalize.

"Wewe ulikuwa unabishana nao, wifi," alisema. "Mimi nilikuwa nataka tu kwenda kisimani na wenzangu."

Nikachukua vijiti, nikavunja naye. Siku chache zilizobaki nilichota naye maji mchana, jua la utosini, kisima hakina mtu, halafu chuo kikafunguliwa nikaondoka. Walimtoa wakati wa mavuno. Bado siamini kwamba moto hubeba msiba, na wazee nitawauliza tena. Ila nimeapa: nikitaka kuthibitisha jambo, nilithibitishe kwa jina langu mwenyewe, si kwa jina la mtu atakayebaki pale mimi nikishapanda basi.