Mpwa Wangu na Kosa la Mkunjo

Mpwa wangu ni mkataji wa nguo, na kabla hujauliza, ndiyo, kipaji kimetoka upande wetu. Dada yangu alipomzaa nilimtazama vidole nikasema, huyu atashika mkasi. Watu wakasema nabahatisha. Leo wako wapi?

Mimi mwenyewe ni fundi wa makochi. Na shule tuliachana mapema, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Lakini kitambaa nakijua, kwa hiyo nikikueleza habari hii usidhani nimehadithiwa.

Binti huyu anafanya kazi kwenye karakana ya sare, chumba kirefu chenye cherehani kumi na mbili na meza moja tu ya kukatia. Meza hiyo ndiyo yenye heshima. Mshonaji akikosea anaharibu nguo moja. Mkataji akikosea anaharibu jora zima. Mwenye karakana tunamwita Bi Rula, maana anakupima kwa macho kabla hajaitikia salamu. Yeye ndiye aliyempa mpwa wangu meza hiyo akiwa na miaka ishirini na nne, na baadhi ya waliomtangulia wakanuna hadi midomo ikachoka.

Zamani patani, yaani vile vipande vya karatasi ambavyo mkasi huvifuata, zilichorwa kwa mkono. Mpwa wangu akaleta programu ya kompyuta inayozichora. Tena ni programu ya ajabu. Walioitengeneza wameiacha wazi kama gari lisilo na boneti: mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuona ndani, kurekebisha, kisha kuwapelekea wenyewe marekebisho. Wakiridhika wanayaingiza, na kila anayeitumia anafaidika.

"Na wanakulipa?" nilimuuliza.

"Hapana, Mjomba."

"Basi hao wamekupata."

Akacheka, akaendelea kujifunza. Miaka miwili alijifundisha lugha ya hiyo mitambo wakati wa chakula cha mchana, mkono mmoja na kijiko, mwingine na simu.

Sasa ikaja kazi ya blauzi mia moja na ishirini za wauguzi. Mpwa wangu akakata ya mfano, ikashonwa, Bi Rula akaivalisha kwenye sanamu la mbao. Shingo ikaning'inia.

"Hii ni blauzi," akauliza Bi Rula, "au pazia la wodi?"

Mpwa wangu akachukua futi, akapima. Sentimita sita za ziada. Akaifungua programu ndani, na baada ya siku mbili akaliona kosa. Nisikilize vizuri, sirudii. Ukikata kipande cha mbele unakunja kitambaa, unaweka patani kwenye ukingo wa mkunjo, unakata upande mmoja. Ukifunua, pande zote mbili zimetoka. Pale kwenye mkunjo hapashonwi, kwa hiyo hapaachwi nafasi ya mshono. Programu ilikuwa inaacha sentimita moja na nusu hapo hapo! Ukifunua zinakuwa tatu. Mbele tatu, nyuma tatu. Hilo ni kosa la mtu ambaye hajawahi kukata hata leso.

Akarekebisha kwenye kompyuta yake. Bi Rula akakataa.

"Programu uliyoichokonoa mwenyewe sikatii sare za watu. Wenyewe wakikubali kwamba ni kosa, sawa. Ikifika Ijumaa hawajakubali, kompyuta inaingia kabatini na wewe unarudi kushona vifungo."

"Ijumaa hii, Bi?"

"Kuna nyingine?"

Jumatatu akapeleka marekebisho. Jumanne msimamizi wa programu, mtu wa mbali anayepitia kazi za wote, akayarudisha. Na kusema haki, alikuwa na sababu: mpwa wangu alikuwa ameondoa nafasi ya mshono kwenye kila ukingo ulionyooka, hata ubavuni mwa sketi. Haraka haraka haina baraka. Akapanga upya, mkataji aonyeshe mwenyewe ukingo wa mkunjo, na nafasi iondoke hapo tu. Jumatano asubuhi akapeleka tena. Mchana jibu likaja: "Mchoro wa sasa unapita majaribio yetu yote. Sioni kosa. Nafunga mjadala."

Nilikuwa nimepita kumsalimia. Alipokwenda kunawa uso, kompyuta ikabaki wazi mbele yangu. Nami si mtu wa kuvumilia ndugu yangu aonewe. Nikaandika polepole kwa kidole kimoja, nikabonyeza pale pa kutafsiri, nikatuma: "Bwana, umewahi kushika mkasi, au unauona kwenye picha?"

Akarudi, akasoma.

"Mjomba! Umeandika nini?"

"Nimekutetea."

"Umenizika! Hapa inasoma dunia nzima!"

"Vizuri. Wajue una wajomba."

Hakucheka. Nilipoona machozi yanamlengalenga, nikakumbuka kwamba nina haraka, ila miguu ikakataa kuondoka. Akakaa, akaandika: "Aliyeandika hapo juu ni mjomba wangu, naomba radhi. Ana kelele. Lakini nalirudia swali lake kwa adabu: kati yenu kuna aliyewahi kukata nguo?"

Alhamisi asubuhi msimamizi akajibu: "Hapana. Sote hapa ni watu wa kompyuta. Tuonyeshe."

Mpwa wangu akaniita. Alitaka mwili wa kuvalisha, na mimi nikawa na deni la adabu. Akachukua shuka kuukuu mbili, akachapisha patani ya programu ilivyo na nyingine aliyoirekebisha, zote kwa vipimo vyangu, akashona blauzi mbili kabla ya saa sita. Mshonaji mmoja akashika simu, akarekodi.

"Mjomba, vuta tumbo ndani."

"Nimeshavuta."

"Basi liache."

Blauzi ya kwanza ikaniteleza mpaka begani. Mpwa wangu akafinya kitambaa kilichozidi kifuani, akaweka futi mbele ya kamera: tatu. Akanigeuza: tatu. Ya pili ikanikaa kama nimezaliwa nayo. Nilipendeza, na hilo halina ubishi. Mchana ule ule akamtumia msimamizi video.

Ijumaa saa mbili Bi Rula alikuwa kashafika, anafungua kabati kutafuta nafasi. Saa tatu kimya. Saa nne kasoro, kompyuta ikalia. Mpwa wangu akasoma kwa sauti, akitafsiri:

"Sehemu hiyo niliitengeneza mimi, miaka sita iliyopita. Nilidhani kila ukingo hushonwa. Nimeyaingiza marekebisho yako. Tunaomba kuanzia sasa lolote linalohusu kukata lipite kwako kwanza, kabla sisi hatujalikubali. Msalimie mjomba."

"Soma tena," akasema Bi Rula.

Akasoma tena.

"Lipite kwako? Wao ndio wamesema?"

"Ndiyo, Bi."

Bi Rula akalifunga kabati. "Unangoja nini? Tandika kitambaa."

Mpwa wangu akatandika, akakunja, akaweka patani mpya ukingoni. Akapima mara moja, akapima tena, akakata. Mimi nilikuwa mlangoni, nawaeleza washonaji kwamba mjadala ule, kama wanataka ukweli, aliuanzisha nani.