Moshi Nao Ni Kuni

Alhamisi. Manyunyu alfajiri, mchana jua kali, umeme umekatika mara mbili.

Mwanangu, leo umeme ulipokatika wewe uliiacha pasi juu ya kochi, haijachomolewa, nami nikakufokea mpaka ukalia. Nisamehe. Nilipaswa kukueleza kwa upole, ila mdomo wangu hauwezi. Shule yangu iliishia la saba, naandika nionavyo.

Nakumbuka alasiri moja kule Temeke, nina miaka ishirini. Jirani yetu Zuhura, shoga yangu wa kusukana nywele, alikuwa akipiga pasi sebuleni. Umeme ukakatika. Akaiacha pasi kwenye kochi, akaenda kujilaza chumba cha nyuma, akafunga mlango. Umeme ukarudi yeye amelala. Pasi aliiacha mwenyewe, nisimsingizie mtu. Lakini mlango wa mbele niliufungua mie.

Nilipofika, watu wamejaa barazani na ndoo. Moto wenyewe hauonekani. Vioo vya sebule vimekuwa vyeusi, na moshi unatoka chini ya mlango kisha unarudi ndani, kama mtu anayehema. Fundi wa madirisha alikuwa nyuma, anakata nondo za dirisha la Zuhura. Nimeshashika kitasa, akaja mbio Mzee Awadhi, muoka mikate wa mtaani, unga mpaka kwenye nyusi.

"Binti, usifungue! Huo moshi unavuta pumzi. Tanuri likihema hivyo halifunguliwi."

"Babu, humu mna mtu, hamna mikate!"

Mmoja akacheka. "Mzee huyu, kila kitu kwake bofulo."

"Cheka, lakini zungukeni nyuma! Nondo moja imeshakatika," Mzee akapaza sauti.

Nikasukuma.

Kwanza kimya, kama pumzi mbili hivi. Kisha sebule nzima ikawaka kwa pamoja: kochi, pazia, dari, hata zulia la upande ambao moto haukuwa umefika. Mngurumo ukanitupa chini. Hili kovu la mkono unaloniulizaga ni la siku hiyo. Moto ukapita koridoni kwenda nyuma, mlango wa chumba ukashindwa kuuzuia.

Mengine aliniambia fundi, tena kwa kumlazimisha. Zuhura alikuwa dirishani akisema, "Nipo, kata, nipo." Nondo ya pili ilibaki kidogo. Mlango wa mbele ulipofunguliwa, hakusema tena.

Labda moshi ungemmaliza vilevile. Msumeno ulikuwa butu, fundi mwenyewe alikiri. Nimejiuliza miaka yote na sijui, na sitakudanganya kwamba najua. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lililovunjika siku ile halikuwa langu.

Baada ya arobaini nikaenda kwa Mzee Awadhi kuomba radhi. Hakunikemea. Alinikalisha mbele ya tanuri lake.

"Panapofuka moshi pana moto, hilo kila mtu analijua," akasema. "Wasilolijua ni kwamba moshi nao ni kuni. Joto limeshauandaa, unangoja hewa tu." Akachomoa mkate tanurini. "Ulitaka kumtoa. Mungu anajua, na mie najua."

Akanipa ule mkate wa moto. Nilishindwa kuula.

Basi mwanangu, umeme ukikatika, chomoa kwanza, mengine baadaye. Ukilala, funga mlango wa chumba, na ufunguo wa grili uwe mahali unapoweza kuupapasa gizani. Moshi ukikukuta, tambaa chini, hewa iko huko. Na ukiwa nje, ukaona nyumba iliyofungwa inahema, usiifungue kwa kuwa roho inakuuma. Roho itakuuma tu. Zunguka, tafuta njia ya mtu aliye ndani, na mwite aliyezoea moto umsikilize, hata kama watu wanamcheka.

Mungu akukinge na moto wa duniani na wa akhera, na akupe sikio nililolikosa mie.

Jioni tumekula bofulo na chai ya rangi, kwa taa ya simu. Umeme haujarudi bado.