Reino na Breki za Nyuma

Reino Koskela alikuwa mwoga wa breki, wala hakuona haya kusema. Nawe ungekaa huku kwetu Duluth, kaskazini mwa Marekani, nyumba zipo juu na ziwa liko chini na barabara imesimama wima, ungeogopa vilevile. Maisha yake yote alipakia mawe ya chuma melini, na hakuwahi kutishwa na maji, urefu wala baridi. Lakini gari likianza kulia kwa nyuma, kwikwikwi, usingizi humpaa. Na fundi hamwamini. "Breki za mke wangu nafunga mwenyewe," alikuwa akisema, na marehemu baba yake alisema hivyohivyo.

Mkewe huyo, Marlys, ndiye aliyempandisha presha. Jamani, mama yule anavyoendesha! Alifundishwa na babake enzi za magari ya zamani kwamba kwenye barafu breki haikandamizwi; unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia. Magari ya siku hizi yanabana na kuachia yenyewe, ila Marlys haambiliki. Barafu iwepo isiwepo, yeye ni kukanyaga tu.

"We mwanamke, unashindilia kabichi kwenye pipa?" Reino humwuliza. "Kandamiza mara moja, basi!"

"Endesha la kwako," Marlys hujibu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ikiwa imeshakula vyuma vya kutosha, Reino alipandisha gari la mkewe kwenye jeki pale uani. Diski za nyuma zilikuwa zimeganda kwa kutu. Akazigonga nyundo mpaka mikono ikafa ganzi, ndipo zikatoka, akaweka mpya. Ikabaki pistoni, ile inayosukuma pedi zibane diski. Pedi mpya ni nene, haziingii mpaka pistoni irudi ndani. Reino akaibana kwa jiriwa. Haikutikisika. Akabana tena, akaitukana.

Kichwa cha jirani yake, Duane, kikachungulia juu ya uzio.

"Utaiua hiyo, mzee. Za nyuma hazisukumwi, zinazungushwa kama parafujo. Ngoja nikupe kifaa changu."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua, ndiyo maana unaitukana mama yake."

Kwa kifaa cha Duane, pistoni zote mbili zilirudi bila ubishi. Reino akaingiza pedi mpya, akafunga matairi, akashusha gari, akaondoa jeki. Likabaki jambo moja tu: kukaa kwenye usukani na kukanyaga pedeli mara kadhaa, pistoni zitoke tena zikutane na pedi. Kabla ya hapo mguu unazama hadi sakafuni na gari halisikii. Reino alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Ila kwetu kifaa cha mtu hurudishwa hata kabla hujanawa mikono, ndivyo tulivyolelewa. Akaenda kukirudisha mara moja.

Mara moja! Nani aliingia kwa jirani huku akatoka bila kahawa? Duane akamkaribisha, akakataa. Akamkaribisha tena, akakataa. Mara ya tatu ukikataa, umemtukana mtu. Reino akavua viatu mlangoni, akakaa.

Kikombe kilikuwa mdomoni alipoliona gari dirishani, linatoka uani na kukunja kuelekea ziwani. Marlys alikuwa ndani, na bakuli lake la viazi na nyama kiti cha pembeni, anapeleka kanisani kwenye msiba. Aliona matairi yamefungwa na jeki haipo. Angesubiri nini?

Kikombe kikapasuka chini. Reino alitoka na soksi, akikimbia juu ya barafu, anaanguka, anainuka, anapiga kelele, "Marlys! Marlys!" Nani wa kumsikia? Gari lilikuwa linashika kasi. Chini kulikuwa na njia panda, na lori lenye shehena ya magogo lilikuwa linakuja.

Taa nyekundu za breki zikawaka. Gari halikupungua hata kidogo.

"Mungu wangu, nimemuua," alisema kwa sauti. "Nimemuua mke wangu kwa kikombe cha kahawa."

Taa zikazimika. Zikawaka. Zikazimika, zikawaka, zikazimika, zikawaka tena. Gari likainamisha pua, likapungua, likasimama. Lori likapita mbele yake likipiga honi.

Reino alifika anahema, kiwiko kinavuja damu. Marlys akashusha kioo.

"Usianze!" akasema. "Najua nimekanyagakanyaga. Mguu wangu, shauri yangu. Na hizo breki zako zitazame vizuri, mwanzoni zilikuwa laini kama uji. Haya, viatu viko wapi?"

Reino akaingiza mkono dirishani, akamshika bega, akashindwa kumwachia.

"Kanyaga," akasema, machozi yanamtiririka. "Kanyaga, mama. Kanyaga unavyotaka."

Marlys akazitazama zile soksi zilizolowa. Akaangalia pale lori lilipopita, akaangalia ziwa. Halafu akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, akalipakata bakuli, akamfungulia mlango wa pembeni.